Gego la mwisho limenifunga mdomo, na UE (mitihani ya chuo) imekaribia

Shikamoo Dokta,

Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma mwaka wa pili chuo hapa Dodoma. Nina gego la mwisho kabisa, chini kushoto, ambalo halijatoka vizuri. Nikipitisha ulimi nagusa ncha yake tu, sehemu kubwa bado imefunikwa na nyama ya ufizi. Lilianza kunisumbua mwaka jana, likauma siku chache likaacha lenyewe. Likarudi baada ya Pasaka, likaacha tena. Sasa limerudi, na safari hii halitanii.

Maumivu yanaanzia kwenye jino yanapanda hadi sikioni, mpaka nilidhani naumwa sikio. Kumeza mate ni kazi. Mdomo haufunguki vizuri, kijiko cha wali nakiingiza kwa ubavu. Chini ya taya kuna tezi imevimba, na asubuhi nikiamka nasikia ladha mbaya yenye chumvichumvi, nahisi ni usaha. Naona aibu kuongea karibu na mtu. Mwenzangu wa chumbani hajasema kitu, lakini siku hizi anafungua dirisha mapema sana.

Awamu iliyopita nilienda duka la dawa jirani na hosteli, wakanipa vile vidonge vya rangi mbili. Nilimeza siku tatu, nikapata nafuu, nikaacha. Sasa hivi natumia diklopa asubuhi na jioni, na katikati naongeza panadol mbili mbili kila maumivu yakizidi. Kuna fundi pikipiki hapa mtaani ameniambia nichovye pamba kwenye maji ya betri niibandike pale, eti jino litakufa lenyewe. Sijafanya bado.

Nilimpigia mama, yuko Handeni. Akaniambia nisithubutu kung'oa, kwa sababu mama mkubwa aling'olewa magego na haikupita muda macho yakafifia, leo anashikwa mkono kwenda msalani. Mama mkubwa ana sukari ya muda mrefu, lakini mama anasema kabla ya kung'oa macho yake yalikuwa mazima.

Dokta, jino likimaliza kutoka maumivu yataisha? Ning'oe au nivumilie? UE inaanza wiki mbili zijazo na sisomi kitu kwa maumivu. Halafu nilitaka kusahau, nina vidonda vya tumbo, na tangu nianze hizi dawa tumbo linawaka moto.

Mwanachuo, Dodoma

*

Marahaba binti yangu, na pole sana.

Ulichotaka kukisahau ndicho nitakachoanza nacho, maana hicho kinaweza kukulaza wodini kabla ya jino. Acha diklopa leo. Kidonge hicho kina dawa mbili ndani yake: diklofenaki na paracetamol. Diklofenaki ni ya ukoo mmoja na ibuprofen, na dawa za ukoo huo hudhoofisha ule ute unaoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Kwa mwenye vidonda vya tumbo, zinaweza kukitonesha kidonda hadi kivuje damu. Tumbo linalowaka ni onyo. Ukiona choo kimekuwa cheusi na kinanata kama lami, au ukitapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, usisubiri kukuche, nenda hospitali.

Na kuna hesabu nyingine hapo ambayo hukuijua kwa sababu hakuna aliyekueleza. Kwa kuwa diklopa ina paracetamol ndani, ukiongeza panadol juu yake unameza paracetamol mara mbili. Mtu mzima asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, ukijumlisha kutoka kila kidonge kilichobeba dawa hiyo. Ini halipigi kelele mapema likizidiwa. Kwa hiyo sasa baki na paracetamol peke yake, vidonge viwili kila baada ya saa sita, kwa saa inayojulikana, usisubiri maumivu yapande ndipo umeze. Kama una mwili mdogo sana, chini ya kilo 50, au una tatizo la ini, muulize mfamasia akupunguzie.

Wasomaji wengine wasio na vidonda vya tumbo, wasio na shida ya figo, wasio wajawazito, wasiotumia dawa za kuzuia damu kuganda na wasiopata pumu kwa dawa hizi, ibuprofen ya miligramu 400 baada ya kula pamoja na paracetamol hutuliza jino vizuri kuliko dawa mojawapo peke yake. Ila usichanganye ibuprofen na diklofenaki ukidhani unaongeza nguvu. Unachoongeza ni madhara.

Sasa jino. Kwa jinsi ulivyolieleza, linaloumwa zaidi hapo ni ufizi unaolifunika. Magego ya mwisho huchomoza kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25, wakati meno mengine yote yamekwisha kupata nafasi zake, na mara nyingi taya halijabakiza pa kutosha. Jino linalala, linaegemea jirani yake, au linatoka nusu na kukwama hapo. Likitoka nusu, kile kipande cha ufizi kinabaki juu yake kama mfuko wa shati. Ganda la harage linaingia, punje ya wali inaingia, na mswaki haufiki. Chini ya mfuko huo hewa ni kidogo, na vijidudu vya kinywani visivyopenda hewa hustawi humo. Ufizi unavimba, usaha unatengenezwa, na harufu unayoionea aibu inatoka hapo hapo. Kisha gego la juu linakuja kuumiza zaidi: kila ukifunga mdomo linaung'ata ufizi uliovimba, nao unazidi kuvimba. Washa tochi ya simu, simama mbele ya kioo, uvute shavu kwa kidole. Ukiona alama za meno juu ya kile kipande cha nyama, ndiyo kesi yenyewe.

Sikio lako ni zima, nadhani. Taya la chini na eneo la sikio hupokea hisia kupitia mshipa mmoja mkubwa wa fahamu, na ubongo hukosea kujua maumivu yametokea tawi gani. Mdomo kutofunguka kunatokana na uvimbe kufikia misuli ya kutafunia.

Lakini sijakuona, kwa hiyo sifungi mlango. Lipo jambo jingine ambalo hujificha nyuma ya gego la mwisho, nalo ni jino la pili kutoka mwisho kutoboka ubavuni, pale gego lililolala linapoliegemea na chakula kukaa katikati. Hilo huuma kwa namna tofauti: linashtuka kwa maji baridi au soda, na usiku linapwita ukilala. Mwambie daktari akuangalie meno yote mawili.

Tiba ya kwanza ya ufizi huu ni kuusafisha, na hapo ndipo watu wengi hupotea kwa sababu wanakimbilia kapsuli. Chukua glasi ya maji ya uvuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, inamisha kichwa upande wa kushoto, usukutue kwa utulivu, uteme. Fanya hivyo kila baada ya kula na kabla ya kulala. Kisha nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10, ondoa sindano kabisa uitupe salama, uvute yale maji ya chumvi ndani ya bomba. Lenga chini ya ukingo wa kile kipande cha nyama, sukuma polepole. Mara ya kwanza itauma na huenda ukaona uchafu au usaha ukitoka. Ndicho tunachokitaka. Endelea hadi maji yatoke safi. Watu hushangaa nafuu inavyokuja kwa kitu cha bei ndogo hivyo.

Mswaki pia usiuache kwa sababu pale panauma. Nunua wa mtoto, wenye kichwa kidogo na nywele laini. Kosa la wengi ni kuachama kwa nguvu ili ufike nyuma. Ukiachama, shavu linakaza na nafasi inakwisha. Fumba mdomo nusu, shavu litalegea, na mswaki utateleza hadi mwisho.

Kwa kuwa dawa za ukoo wa ibuprofen hazikufai, karafuu itakusaidia. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo hutia ganzi ya muda, na sisi madaktari wa meno tumeichanganya na poda ya zinki miaka mingi kutengeneza dawa ya kutuliza matundu. Ila mafuta ya karafuu yakiwa makali yanaunguza ufizi. Weka matone mawili kwenye kijiko cha mafuta ya kupikia, chovya ncha ya pamba, gusa pale panapouma, usimeze. Kama hayapatikani, weka punje moja ya karafuu kati ya shavu na ufizi, ilainike yenyewe, kisha uiteme. Nje ya shavu kandamiza kitambaa chenye barafu kwa robo saa, upumzike, urudie. Usikande kwa kitu cha moto kwa nje.

Maji ya betri ni tindikali ya salfa. Hayachagui jino la kuua, yanaunguza ufizi, ulimi, shavu na koo. Nimeona mdomo ulioungua hivyo na sitaki kuuelezea hapa. Mwambie fundi abaki na pikipiki. Aspirini ya kusaga na kubandika nayo huchoma, na mafuta ya taa ni sumu. Na wale wanaofukiza moshi wa mbegu kisha wakakuonyesha "wadudu" waliodondoka kutoka kwenye jino, wanakuonyesha vipande vya mbegu hizo hizo.

Vile vidonge vya rangi mbili vilikuwa antibayotiki, yaelekea amoksilini. Ulipata nafuu kwa sababu vijidudu vilipungua, lakini mfuko wa ufizi ulibaki vile vile na mabaki ya chakula yalibaki humo, ndiyo maana umerudi ulipokuwa. Antibayotiki ina nafasi yake pale maambukizi yanaposambaa: homa, shavu kuvimba, tezi, mdomo kukaza. Wewe una tezi na mdomo umekaza, kwa hiyo huenda daktari akakuandikia, na mara nyingi huwa ni flajili, amoksilini, au zote mbili. Akikuandikia, maliza kama alivyoandika, na ukipewa flajili usiguse pombe. Lakini usijinunulie tena dukani. Kama dawa yoyote ya jamii ya penisilini iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso, liseme hilo kabla hajashika kalamu.

Jipime kitu kimoja sasa hivi. Simamisha vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, uviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima wa kawaida huingiza vitatu. Kama vinaingia viwili, mwone daktari wa meno kesho, au keshokutwa ikishindikana sana. Kama kinaingia kimoja kwa shida, nenda leo.

Na kuna hali ambayo haihitaji kupimwa kwa vidole. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, sakafu ya mdomo ikawa ngumu na ulimi ukainuka, ukashindwa kumeza hata mate, sauti ikabadilika, au ukahisi pumzi inabana, hiyo ni dharura ya usiku huo huo, na usiende kliniki ya meno, nenda hospitali kubwa yenye idara ya dharura. Daktari wa Kijerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliieleza hali hiyo mwaka 1836, na hadi leo chanzo chake kikubwa ni magego ya chini. Ni nadra. Lakini ikija haikupi muda wa kupiga simu Handeni kuomba ushauri.

Umeuliza kama maumivu yataisha jino likimaliza kutoka. Kwa baadhi ya watu ndiyo: jino limesimama wima, lina nafasi, ufizi unarudi nyuma wenyewe na mambo yanakwisha. Kwa jino lililolala halitamaliza kutoka hata ukingoja miaka kumi. Tofauti hiyo inaonekana kwenye eksirei ya taya nzima, kwa hiyo usikubali mtu akupe jibu la uhakika bila kuiona picha.

Sipendi kung'oa meno yasiyo na kosa. Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wao wa afya unasema gego la mwisho lisilo na ugonjwa liachwe hata kama limelala, na kwamba awamu moja ya ufizi kuvimba, isipokuwa kali sana, haitoshi kuwa sababu. Awamu ya pili na kuendelea ndiyo sababu. Nakubaliana nao. Pia usiling'oe kwa kuogopa kwamba litapinda meno ya mbele, hofu hiyo haina ushahidi wa kutosha. Wewe uko awamu ya tatu, na kila moja imekuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Eksirei ikionyesha limelala, ningeling'oa. Umri wako pia unakusaidia: mfupa bado haujakakamaa na kidonda hupona vizuri kuliko ukingoja hadi miaka 35.

Hofu ya mama naiheshimu, na usimbishie kwenye simu. Lakini amekupa mwenyewe sehemu ya jibu: mama mkubwa ana sukari. Sukari ya muda mrefu isiyodhibitiwa hulegeza meno kwa kuharibu fizi, na sukari hiyo hiyo huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Meno na macho vilikuwa vinaumizwa na ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja, meno yakatangulia kuonekana. Mshipa wa fahamu unaobeba kuona ni mwingine kabisa na ule wa meno ya chini, haukutani nao kwenye taya. Kama mama mkubwa hajawahi kupimwa macho na daktari wa macho kwa sababu ya sukari, hilo ndilo la kumwambia mama, na kwa haraka.

Hatari za kweli nitakutajia, usije ukaambiwa hakuna. Karibu na mizizi ya gego la chini hupita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu, na ubavuni hupita wa ulimi. Ukiguswa, mtu hubaki na ganzi. Kwa walio wengi hurudi baada ya wiki au miezi, kwa wachache hairudi. Eksirei humwonyesha daktari mizizi iko karibu kiasi gani na ule wa mdomo wa chini. Kung'oa jino lililosimama tabibu wa meno wa kituo cha afya anaweza. Jino lililolala ndani ya mfupa litolewe na daktari wa meno, na lenye mizizi iliyokumbatia mshipa apewe daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya.

Kuhusu UE: usiling'oe wiki hii. Kuchokonoa taya lililokaza na lenye usaha ni kujitafutia tabu, na baada ya upasuaji uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha huchukua kama wiki kupungua. Nenda daktari asafishe chini ya ufizi kwa vifaa vyake, aangalie kama gego la juu linang'ata na afanye nini nalo, akupe dawa kama inahitajika. Uendelee na bomba na chumvi hadi karatasi ya mwisho. Omba miadi ya kung'oa mara tu baada ya mitihani, kabla hujapanda basi la Handeni, ili ukipata shida uwe karibu na aliyekutoa. Ikiwa usaha unarudi au uvimbe unaongezeka katikati ya mitihani, hapo daktari ataamua, na chuo kina utaratibu wa kuahirisha kwa cheti cha hospitali.

Siku ya kung'oa, ng'ata gozi nusu saa bila kuchungulia. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme teme, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Lile donge la damu kwenye tundu ndilo kidonda kinachopona, likitoka mfupa unabaki wazi. Ukipata maumivu makali mapya siku ya tatu hivi, yanayopanda sikioni, wakati uvimbe unashuka, rudi kwa daktari. Ni tundu kavu, ataliosha na kuweka dawa yenye ile yujenoli niliyokutajia, na utatoka hapo umepumua. Kwa chakula, uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, utafunie upande wa kulia.

Kesho ukienda kliniki, beba makaratasi ya dawa zote ulizomeza, hata zile ulizoacha, na kabla hujafungua mdomo umwambie daktari neno vidonda vya tumbo.